Darasani Kwangu Hakuna Kusimama

Mwalimu Neema, siku niliyokukabidhi funguo za kabati uliniuliza swali ambalo wakaguzi waliniuliza kwa ukali miaka yote, ila wewe ukaniuliza kwa upole: "Mwalimu Tekla, mbona watoto wako wanajibu wameketi?" Nikakwambia nitakuandikia. Ulidhani nakukwepa. Ni kweli nilikuwa nakukwepa, maana jibu lake halisemeki mlangoni huku kengele ya saa nne inalia. Sasa nimestaafu, muda ninao, na magoti yangu siku hizi hayataki jambo lingine zaidi ya kukaa. Soma, kisha uwape na wenzako wasome.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipata vichache, na cheti cha mfanyakazi bora nilichopewa Mei Mosi moja kililiwa na mchwa. Nadhani ndio peke yao waliokifurahia.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Nilitoka kwetu Ufipa juu ya lori la mahindi, na godoro, sufuria mbili na sanduku la bati. Kwenye pori la Katavi mbung'o walituuma mpaka utingo akasema abiria wote sasa tumekuwa ndugu wa damu. Shule niliyopangiwa ilikuwa kijijini, ukishapita Sitalike unaelekea mjini. Madarasa manne, walimu sita, na katika hao mwanamke ni mimi peke yangu.

Mwalimu Mkuu alinipokea vizuri. Alinipa boksi la chaki, akanipa fimbo, akanionyesha nyumba ambayo paa lake lilikuwa na nia njema tu. Kisha akasema, "Na kwa kuwa mwanamke umefika, mambo ya wasichana ni yako."

"Mambo gani, mwalimu?"

"Hayo hayo," akasema, akaondoka haraka.

Ndiyo semina yote niliyopata. Chuoni hatukufundishwa. Nilipokuwa shule ya msingi mwenyewe, mwalimu wetu wa sayansi alipofika kwenye ukurasa wa miili inavyobadilika alitwambia tukausome nyumbani, akafungua ukurasa wa mmea wa maharage. Mimi nilipopewa darasa nikafanya vilevile. Maharage yaliota sana katika shule zetu, Neema.

Mwaka wangu wa pili nilipewa darasa la saba. Humo kulikuwa na msichana aitwaye Minza, mwenye miaka kama kumi na mitano, maana alianza shule akiwa mkubwa. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wakajenga upande wa Mto Katuma, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Alikuwa mkimya, mwandiko wake umenyooka, na hesabu za mafumbo alizimaliza kabla sijamaliza kuzisoma. Nilimpenda, nasema wazi, ingawa wakati ule sikuona kama mwalimu anapaswa kuonyesha.

Utaratibu wenyewe unaujua, haujabadilika. Mwalimu akiingia darasa linasimama, linaamkia, linaketi likiruhusiwa. Anayeulizwa swali anasimama ndipo anajibu. Kujibu umeketi ni kiburi. Mimi nililelewa hivyo na nikafundishwa kufundisha hivyo.

Siku ile kilikuwa kipindi cha jiografia, baada ya mapumziko. Nilikuwa nimechora mito ya wilaya ubaoni. Nikauliza Mto Katuma unapeleka wapi maji yake. Mikono haikunyooshwa, nikamtaja Minza.

Akajibu palepale alipo. "Unaingia Ziwa Katavi, mwalimu, halafu Chada, halafu maji yanakutana na ya Kavuu, yanakwenda Rukwa."

Jibu lilikuwa kamili kuliko lile nililoandika mwenyewe kwenye andalio la somo. Kaka zake walichunga ng'ombe kando ya mto ule. Lakini alilitoa ameketi.

"Simama ujibu," nikasema.

"Nimejibu, mwalimu."

"Nimesema simama."

Akatikisa kichwa. Watoto hamsini wakanyamaza kungoja nani atashinda. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nikaona heshima yangu yote iko pale kwenye lile benchi. Nikachukua fimbo. Akanyoosha mkono ameketi vilevile, nikampiga mbili kiganjani. Hakulia, na hilo nalo likaniudhi. Basi nikamshika mkono nikamwinua.

Sketi yake ya bluu ilikuwa imelowa damu nyuma, na benchi nalo lilikuwa na damu.

Mvulana mmoja wa nyuma akacheka, wengine wakamfuata. Minza hakuwatazama hao. Alinitazama mimi. Kisha akachukua daftari la jiografia, akaliziba nyuma ya sketi, akatoka, akavuka uwanja akielekea kwao. Nikabaki na fimbo mkononi. Na hapo nikafanya jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko hata zile fimbo mbili: niliendelea na somo. Niliwaandikisha mito yote mpaka kengele ikalia.

Watoto walipokwenda kulima bustani nilirudi na ndoo, nikalifuta lile benchi mwenyewe. Nilijiambia Minza atarudi kesho. Kesho yake nikajiambia Jumatatu. Nilijidanganya hivyo wiki mbili nzima.

Aliyenizindua ni Mwalimu Mkuu. Alikuwa anaandaa orodha ya watakaofanya mtihani wa darasa la saba, ya kupeleka wilayani mwisho wa mwezi wa tano. "Huyo Minza naona mtoro," akasema. "Asipoonekana mpaka siku hiyo, simwandiki." Miaka ile jina likikosekana pale, habari ya shule imeisha. Msichana wa miaka kumi na mitano aliyekwisha shule, kila mtu alijua anakokwenda.

Nikaenda zahanati kwa nesi Dafroza. Huyu alikuwa mama wa Kikonongo, mwenyeji wa huku huku, karibu astaafu, mwenye sauti ya kuweza kuita mtu ng'ambo ya mto. Aliwazalisha mama wa nusu ya watoto wa shule yangu, na watoto wenyewe aliwajua kwa makovu ya chanjo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anakunja pamba.

"Wewe za kwako ulianza ukiwa darasa la ngapi?" akauliza.

"La sita."

"Nani alikuwa amekwambia?"

"Hakuna. Nilijificha kwenye mihogo mpaka jua likazama. Nilidhani tumbo limeoza."

"Basi humo darasani hakuna aliyelijua jambo hili kama wewe," akasema, "na wewe ndiye uliyekuwa na fimbo."

Nililia pale zahanati, mbele ya mama mmoja aliyekuwa anasubiri kupima mtoto uzito. Nesi hakunibembeleza. Alinipa pamba nijifutie.

Hapo ndipo nikafanya kosa la pili, na hili nalisema kwa ajili yenu nyie mnaopangiwa huku mkitoka mikoa mingine. Jumamosi nilikwenda kwa kina Minza peke yangu, nikamwendea baba yake, kama sisi walimu tunavyoelewa: mahudhurio ni habari ya mzazi, na mzazi ni baba. Nilimkuta anaziba pengo la zizi kwa miiba. Alinipa kigoda, akaagiza niletewe maziwa.

"Mzee, Minza haonekani shuleni."

"Amesema harudi," akasema. "Mimi sikumkataza, mwalimu. Ng'ombe akikataa mto humburuzi. Kama shule imemshinda, zipo nyumba zinamtaka. Juzi hapa wageni wamekunywa maji."

Wageni wa namna hiyo hawatembei mwendo wote ule kwa ajili ya maji; walikuja kuposa. Nikaanza kutaja sheria, nikataja mtihani, nikataja akili za mtoto. Alinisikiliza kwa adabu zote, akanisindikiza hadi njiani. Minza sikumwona. Nilimwona bibi mmoja mlangoni mwa nyumba ya pembeni, ananitazama bila kupepesa.

Nesi Dafroza aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Umekwenda kuteka maji jikoni. Habari za binti kwa Wasukuma hawa ziko kwa bibi yake, ndiko anakolala. Baba hajui kilichotokea wala hatakiwi kujua. Ukimrudia tena, safari ijayo utakula ubwabwa wa harusi."

Jumamosi iliyofuata tukaenda wote wawili. Nesi alinipitisha njia ya nyuma, kwenye shamba la mtama, tukatokea moja kwa moja mlangoni mwa yule bibi. Tulibeba mche wa sabuni na khanga yangu kuukuu niliyoikata vipande. Nesi akaamkia Kisukuma, mimi nikaamkia shikamoo. Bibi akaitikia yote mawili, akanigeukia.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Ulimwinua kwa mkono gani?"

Nikanyoosha mkono wa kulia. Nilidhani ataupiga, na ningekubali. Hakuupiga. Aliingia ndani, akatoka na sketi ya bluu imekunjwa, imekauka ngumu.

"Hii sijaifua," akasema. "Na yeye nimemkataza kuifua. Nilimwambia, aliyeionyesha watu ndiye ataifua."

Neema, miaka ile mwalimu akipita kijijini wazee walishuka kwenye baiskeli. Nilipiga magoti pale nyuma ya nyumba, mbele ya beseni, na saa yangu ya mkononi. Nikaomba maji ya moto. Bibi akakataa.

"Baridi. Ya moto yanaifungia damu humo humo. Hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya damu yangu mwenyewe na sikujua, maana nilifua gizani na kwa haraka. Loweka kwanza kwenye maji baridi, usisugue. Damu ikilegea, mwaga, ndipo upake sabuni. Hilo mwandikie kila msichana unayemfundisha.

Nilipokuwa kwenye maji ya pili Minza akatoka. Alisimama ukutani, mikono mdomoni. "Mwalimu, acha. Nitafua mimi."

"Kaa chini," bibi akamwambia, na Minza akakaa.

Nilifua. Nilimwaga maji, nikapaka sabuni. Mwishowe nikasema, bila kuinua macho, "Minza, unisamehe. Nilikosa." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto hivyo, na nadhani yeye pia hakuwahi. Alimtazama bibi yake kama anayeuliza kama neno hilo linaruhusiwa. Bibi alikuwa anatazama sabuni.

"Itatoka, mwalimu?" Minza akauliza. Alikuwa anaulizia doa.

"Sijui. Limekaa siku nyingi."

"Nilidhani nimepasuka ndani," akasema polepole. "Asubuhi ile nilibeba ndoo mbili. Nikakaa nikasikia maji, nikashika, nikaona damu. Nikasema nikisimama itamwagika yote nife."

Nikamgeukia bibi. Nilimuuliza kwa heshima, lakini naungama nilitaka lawama tugawane. "Bibi, hamkuwa mmemwambia?"

"Sisi binti tunamwambia siku yenyewe ikifika," akasema. "Ilifika akiwa kwako."

Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Nimehudhuria semina nyingi baada ya pale, zenye chai na chapati na makabrasha, na hakuna iliyonifundisha kazi yangu kama sentensi hiyo. Siku hii haingoji bibi awepo. Mara nyingi inampata mtoto saa za shule, mbele ya ubao, na mtu mzima aliye karibu ni wewe.

Maswali ya Minza yalipoanza kutoka hayakukoma. Titi la kushoto limetangulia la kulia, je, ni ugonjwa? Nikamwambia langu la kulia ndilo lililotangulia, na lenzake lilifika baadaye bila kuitwa. Nywele za kwapani? Ni za kila mtu. Ule ute mweupe alioona miezi michache kabla? Ulikuwa unatoa taarifa tu kwamba mwili unajiandaa. Chunusi, kiuno kutanuka, kurefuka mpaka sketi ya mwaka jana inafika magotini, yote hayo ni safari moja, na kila mwili una mwendo wake. Kuna anayeanza akiwa na miaka tisa na kuna anayeanza na kumi na sita, na wote hufika.

"Lakini haijarudi tena," akasema. "Mwezi umepita. Imeisha?"

Hilo sikulijua vizuri. Nesi Dafroza akaja, akachuchumaa, akatoa kitambaa chenye mifuko miwili alichoshona mwenyewe. Mfuko mmoja ulikuwa na punje za maharage.

"Kila asubuhi hamisha punje moja uitie mfuko wa pili. Damu ikija, tazama umehamisha ngapi, kisha zirudishe zote uanze upya. Mwaka wa kwanza na wa pili usishangae. Mara punje ishirini na tano, mara arobaini, mara mwezi unarukwa kabisa. Mwili unajifunza njia. Ukishaizoea, utajua siku ya kubeba kitambaa shuleni. Na ikitoka zaidi ya wiki, au inakulaza kwa maumivu, njoo kwangu."

"Sisi tulitazama mwezi wa angani," bibi akasema.

"Masika unakuwa na mawingu, mama," nesi akamjibu, na bibi akaichukua ile mifuko akaigeuza geuza. Mwishowe akaomba na yake, ya kuwapa wajukuu wengine.

Kwenye vitambaa walibishana. Nesi alitaka vianikwe juani, maana vikikauka chini ya godoro vinabaki na unyevu na vinamwasha mtoto. Bibi akasema jua ni la wanaume pia. Wakakubaliana vianikwe juani na khanga itandazwe juu yake, nyepesi, ijulikane tu kwamba khanga inakauka. Njia hiyo niliitumia miaka yote nyuma ya nyumba yangu, kwa vitambaa vipya nilivyowaandalia wasichana wa shule. Siku moja upepo uliiondoa khanga, Mwalimu Mkuu akapita, akanipongeza kwa usafi wa vitambaa vyangu vya kufutia ubao. Akachukua kimoja. Aliondoka kwa uhamisho akiwa nacho.

Nilipokamua ile sketi mara ya mwisho, doa lilikuwa limefifia, limebaki kivuli. Minza aliishika upande mmoja tukaianika wote. Ndipo akauliza alichokuwa amekificha muda wote.

"Nikirudi, ukiniuliza swali, nitasimama?"

"Hutasimama."

"Wakisimama wengine nikikaa mimi, watajua."

Kweli wangejua. "Basi hakuna atakayesimama," nikasema. "Kwangu kila mtu atajibu ameketi." Sikufikiri kanuni wala Mwalimu Mkuu. Nilimfikiria yeye na zile ndoo mbili, na hofu ya kufa mbele ya darasa langu.

Bibi alitusindikiza. Nikamuuliza kuhusu wale wageni wa baba yake. "Huyo baba yake nimemzaa mimi," akasema. "Nitamwambia wakija tena, maji yamekwisha."

Minza alirudi Jumatatu, siku nne kabla ya orodha kwenda wilayani. Alikuja na sketi ile ile, hakuwa na nyingine, na sweta amelifunga kiunoni ingawa jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeshalitangazia darasa utaratibu mpya, nikasema ni kuokoa muda, tuna mtihani. Kisha nikafungua ule ukurasa wa sayansi uliokuwa unarukwa tangu enzi zangu, nikausoma wote kwa sauti, wavulana na wasichana pamoja, na masikio yangu yakiwaka moto. Yule mvulana aliyecheka siku ile alitaka kucheka tena. Nikamwomba asome aya ya wavulana. Sauti yake ilianza nene, ikapanda ikawa ya kifaranga, ikashuka tena. Hakuna aliyemcheka, maana nilikuwa nimewatazama. "Na huyo naye yuko safarini," nikasema, "tutamsubiri afike." Akaketi vizuri, na baada ya hapo alikuwa mpole kwa wasichana kuliko wote.

Mwalimu Mkuu aliniita. Nikamwambia ni mambo ya wasichana. "Yapi?" "Hayo hayo," nikajibu, na hakuuliza tena. Wakaguzi hawakuwa wepesi hivyo. Mmoja aliandika darasa langu lina nidhamu hafifu, na mwingine akaandika mwalimu ni mzuri ila analea kiburi. Nilitia sahihi taarifa zote mbili.

Miezi ilikwenda. Minza alikuja na mfuko wake wa maharage ndani ya begi la shule, na siku zikikaribia alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, bila kuniomba ruhusa. Ndani ya sanduku langu la bati nikaweka sketi mbili za akiba, sabuni na vitambaa. Wasichana walijua ufunguo uko wapi na hawakulazimika kusema kitu. Ndilo sanduku ulilolikuta kwenye kabati, Neema, ukadhani ni la nguo za maigizo.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani nilikuwa nafanya marudio. Nikauliza maswali ya huku na huku, nao wakajibu wameketi, wamezoea. Nikafika kwenye mito. Nilisita, kisha nikauliza: Mto Katuma unapeleka wapi maji yake? Minza akanyoosha mkono. Nikamtaja.

Akasimama. Alisimama taratibu, akalifungua sweta kiunoni akaliweka juu ya benchi, akataja Katavi, Chada, Kavuu na Rukwa, kila moja kwa nafasi yake, huku ananitazama. Kile kivuli kilikuwepo kwenye sketi, na waliokuwa nyuma yake walikiona, na hakuna aliyetoa sauti. Alipomaliza hakuketi. Alikuwa anangoja nimruhusu, kama desturi. Nikamwambia aketi.

Alifanya mtihani. Hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa za kuhesabu vidoleni, na msiokumbuka mshukuru. Nililia mimi, yeye hakulia. Alikaa kwa bibi yake, akajifunza kushona, akaolewa alipotaka mwenyewe, akiwa ameshapita miaka ishirini na mtu aliyemchagua. Siku hizi ana duka la nafaka Makanyagio, mjini Mpanda. Kila mwaka shule zinapofunguliwa, lile debe la maharage mnalolikuta mlangoni mwa ofisi msijue limetoka wapi, limetoka kwake. Si ya kupika. Mnayapika kila mwaka, najua, lakini angalau tangulizeni ya mifuko.

Nesi Dafroza alifariki miaka mingi iliyopita. Bibi yake Minza naye alitangulia, na wajukuu wake walimsitiri kwa khanga nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Mimi niliendelea na darasa langu lisilosimama mpaka nilipokukabidhi funguo.

Halafu ikaja ile sherehe ya kuniaga, Jumamosi. Ulikuwepo, ulisimama karibu na dirisha. Yule mshereheshaji kijana akapaza sauti: "Sasa mwalimu wetu asimame, wageni wamwone, atupe neno." Nikashika meza. Magoti haya unayajua. Nilikuwa katikati ya kujiinua, sijafika juu, meza inacheza, watu wote wananitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua inavyokuwa mwili wako ukikuaibisha mbele ya watu.

Sauti ikatoka kwenye viti vya kina mama. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ile ile iliyonijibu jiografia.

"Mwalimu atajibu ameketi."

Kina mama wakacheka, wa rika zote, waliopita kwangu, na baadhi yao wakajifuta macho kwa pembe za khanga. Wanaume wakatazamana. Mshereheshaji akaniuliza kama ndivyo utaratibu ulivyo.

Nikamtafuta Minza kwa macho nikamwona, mama mzima wa watu, mikono mapajani, ananingoja. Nikamwambia yule kijana ndivyo ulivyo. Kisha nikarudi kitini, nikashukuru watu nimeketi.